Mishipa ya ubongo inapobana baada ya ajali ya kichwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo ndugu wa wagonjwa huyarudia mlangoni mwa ICU, pamoja na mengine ambayo wauguzi wapya na madaktari walio kwenye mafunzo kwa vitendo huuliza wakati wa raundi. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya nadra. Mwenye haraka aanze na swali la 11 na la 13. Dozi na viwango vilivyotajwa ni vya mtu mzima, na havichukui nafasi ya daktari aliyesimama kando ya kitanda cha mgonjwa wako.

## Mambo ya msingi

1. Kubana kwa mishipa ya ubongo ni nini hasa?

Ukuta wa ateri una misuli laini. Misuli hiyo ikikaza na kukataa kulegea, njia ya damu huwa nyembamba, na sehemu ya ubongo iliyo mbele hupata damu kidogo kuliko inavyohitaji. Madaktari huiita vazospazimu. Inaweza kushika ateri yoyote kubwa iliyo chini ya ubongo, lakini inayofuatiliwa zaidi ni ile ya kati, kwa sababu hulisha eneo linaloendesha mkono na uso na, kwa upande wa kushoto wa watu wengi, eneo la usemi.

Tusiichanganye na damu kuvia. Bonge la damu hutolewa kwa upasuaji, ila mshipa uliobana hauna kitu cha kutoa. Ndiyo maana ndugu huambiwa upasuaji umekwenda vizuri, halafu siku ya tano wanaitwa tena kuelezwa tatizo jipya. Daktari hakuwadanganya mara ya kwanza.

2. Damu ilishaacha kuvuja. Kwa nini mishipa inabana sasa?

Kwa sababu damu iliyomwagika bado iko palepale. Chembe nyekundu zilizobaki kati ya ubongo na utando wake hupasuka taratibu kwa siku kadhaa, na hemoglobini inayotoka humo huila oksidi ya nitriki, gesi ambayo ukuta wa mshipa huitengeneza ili mshipa ubaki umelegea. Wakati huohuo ukuta uliojeruhiwa hutoa endothelini, kemikali inayokaza misuli kwa nguvu. Kinacholegeza kimepungua, kinachokaza kimezidi.

Kwenye ajali kuna jambo la ziada: kichwa kilipogonga, mshipa wenyewe ulivutwa na kutikiswa. Kwa hiyo wapo majeruhi ambao mishipa yao hubana ingawa CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, haikuonyesha damu yoyote kuzunguka ubongo.

3. Huanza siku ya ngapi, na huisha lini?

Kwa majeruhi wengi ni ndani ya wiki mbili za kwanza. Watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, walieleza mwaka 1997 jinsi mtiririko wa damu unavyobadilika baada ya jeraha kubwa la kichwa: siku ya ajali ubongo hupata damu kidogo, siku ya kwanza hadi ya tatu damu huweza kuwa nyingi kupita kiasi, na kuanzia siku ya nne hivi hadi ya kumi na tano ndipo mishipa hubana. Wapo wanaoanza mapema zaidi, hata ndani ya saa 48.

Mpangilio huo una maana kubwa kwa matibabu. Mgonjwa wa siku ya pili mwenye damu nyingi kichwani na mgonjwa wa siku ya saba mwenye mishipa iliyobana wanaweza kuonyesha namba inayofanana kwenye Doppler, ultrasaundi ya kupima kasi ya damu, lakini kinachomfaa mmoja humdhuru mwenzake (tazama swali la 8).

4. Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Aliyeumia vibaya na kufika akiwa hajitambui; mwenye damu nene kuzunguka sehemu ya chini ya ubongo kwenye CT; aliyejeruhiwa na mlipuko (swali la 22). Homa nayo imeonekana kuandamana na tatizo hili. Umri mdogo haumkingi mtu.

5. Kila mwenye mishipa iliyobana hupata kiharusi?

Hapana. Wengi huonekana kwenye vipimo tu, na ubongo unajimudu kwa damu inayopita njia za pembeni. Hatari huwa kubwa pale mishipa iliyobana inapokutana na kitu kingine: presha iliyoshuka, upungufu wa maji mwilini, oksijeni kidogo, homa kali, au ubongo uliovimba. Nitalirudia jambo hili mara kadhaa, maana karibu matibabu yote yaliyo mikononi mwetu yanahusu hivyo vitu vingine, si mshipa wenyewe.

## Kuitambua

6. Jana alikuwa anaongea, leo anatamka ovyo na mkono mmoja umelegea. Ni hiyo?

Inaweza kuwa hiyo, lakini isiwe dhana ya kwanza. Kabla ya kuilaumu mishipa, timu itatafuta yafuatayo, na ni vizuri ndugu wakajua kwa nini vipimo vinarudiwa: damu mpya kuvia au ile ya awali kuongezeka, ubongo kuvimba zaidi, maji ya ubongo kujaa, sodiamu kushuka, degedege isiyoonekana kwa nje, nimonia, sukari kushuka, au dawa za usingizi ambazo bado ziko mwilini.

CT hufanywa kwanza kwa sababu bonge la damu linaua haraka na lina dawa yake, nayo ni upasuaji. Likishaondolewa shaka ndipo mishipa inachunguzwa. Udhaifu wa upande mmoja, kushindwa kutamka maneno au usingizi unaozidi kati ya siku ya tatu na ya kumi, huku CT haina kipya, huelekeza kwenye mishipa.

7. Kwa nini manesi wanamwamsha kila saa? Si aachwe apumzike?

Kwa sababu dalili ya kwanza ni ndogo na hupita haraka: anachelewa kufumbua macho, anainua mkono mmoja chini kidogo ya mwingine, anajibu jina lake lakini si mahali alipo. Nesi aliyemwona saa moja iliyopita ndiye atakayeigundua tofauti hiyo. Kwenye hospitali isiyo na vifaa vingi, hakuna kifaa kinachomshinda nesi huyo.

Ndugu anayemjua mgonjwa ana msaada pia. Ukiona anaongea tofauti na alivyokuwa asubuhi, sema hapohapo, usisubiri raundi.

8. Na aliyelazwa usingizi kwa dawa, yuko kwenye mashine, atajulikanaje?

Hapo hutumika Doppler ya kichwa, ultrasaundi inayopitishwa penye mfupa mwembamba wa panja. Rune Aaslid, mtaalamu kutoka Norway, na wenzake waliitambulisha mwaka 1982. Haioni umbo la mshipa, inapima kasi ya damu. Njia ikiwa nyembamba, damu hupita kwa kasi zaidi. Kwa ateri ya kati, wastani wa kasi unaozidi sentimita 120 kwa sekunde huleta shaka, na unaozidi 200 huashiria kubana vibaya.

Lakini kasi pekee hudanganya. Damu ikiwa nyingi kichwani, kasi hupanda pia ingawa mishipa iko wazi. Kwa hiyo hupimwa vilevile ateri ya shingoni na kugawanya kasi ya ndani ya kichwa kwa ile ya shingo. Hesabu hiyo huitwa uwiano wa Lindegaard. Chini ya 3, fikiria damu nyingi. Zaidi ya 3, fikiria kubana. Zaidi ya 6, kubana ni kukali. Daktari kijana akinipigia simu na namba ya kasi bila uwiano, namrudisha akapime shingo, kwa sababu kupandisha presha kwa mgonjwa mwenye damu nyingi kichwani ni kumwongezea uvimbe.

Watu wengine mfupa wao wa panja ni mnene na mawimbi hayapenyi. Wakati mwingine pia mishipa midogo ya mbali ndiyo imebana, na Doppler haifiki huko. Doppler safi haimalizi mjadala kama mgonjwa anazidi kudhoofika.

9. CT ya kawaida haiwezi kuonyesha mishipa?

Haiwezi. Itaonyesha damu, uvimbe, na baadaye sehemu ya ubongo iliyokufa, yaani inaonyesha madhara baada ya kutokea. Kuiona mishipa kunahitaji CT yenye dawa ya rangi inayopitishwa kwenye mshipa wa mkono. Kipimo cha uhakika zaidi ni angiografia, ambapo katheta hupitishwa kutoka kinenani au mkononi hadi kwenye mishipa ya shingo. Faida yake ni kwamba tiba ya swali la 17 inaweza kufanyika papo hapo.

10. Picha imeonyesha mishipa imebana lakini mgonjwa yuko vizuri. Atibiwe?

Afuatiliwe kwa karibu zaidi, maji na chumvi vyake vilindwe, dawa za kushusha presha zisitolewe bila sababu nzito. Zaidi ya hapo, hapana. Kupandisha presha kwa nguvu au kupitisha katheta kwa mtu asiye na dalili ni kumwingiza kwenye hatari kwa ajili ya picha.

## Matibabu

11. Ipo dawa ya kuifungua mishipa hiyo?

Hakuna iliyothibitishwa kwa majeruhi wa ajali. Nalisema wazi kwa sababu kuna familia zinazouza mbuzi na kuzunguka maduka ya dawa ya mji mzima kutafuta vidonge ambavyo huenda visimsaidie mgonjwa wao.

Jina linalotajwa sana ni nimodipini. Sifa yake inatoka kwenye ugonjwa mwingine: damu inayovuja baada ya kipuvu kwenye ukuta wa ateri kupasuka chenyewe, bila ajali. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1989, lenye wagonjwa 554 wa aina hiyo, lilionyesha ubongo kufa kwa kukosa damu kwa asilimia 22 ya waliopewa nimodipini, dhidi ya asilimia 33 ya wasiopewa. Kwa hao, dawa hii ni ya lazima. Cha kushangaza, kwenye picha mishipa yao haifunguki sana. Inaelekea dawa huikinga zaidi seli za ubongo na mishipa midogo.

Kwa majeruhi habari ni nyingine. Mwaka 1996 jaribio la Ujerumani lenye wagonjwa 123 waliokuwa na damu kuzunguka ubongo baada ya ajali lilileta matumaini. Mwaka 2006 majaribio yote ya namna hiyo yalipojumlishwa, zaidi ya wagonjwa 1,000, faida haikuonekana. Na nimodipini hushusha presha, jambo ambalo majeruhi wa kichwa hawezi kulivumilia.

Kwa hiyo nikimkuta majeruhi mwenye damu nene kuzunguka ubongo, presha yake ni imara na dawa ipo, sina ugomvi na daktari anayeitoa. Presha ikiyumba, naiacha. Na ikiwa haipo kabisa, sioni kwamba mgonjwa amenyimwa tiba kuu. Tiba kuu iko kwenye swali la 13 hadi la 16.

12. Ikitolewa nimodipini, tahadhari ni zipi?

Dozi iliyozoeleka ni miligramu 60 kila saa 4 kwa siku 21, kwa mdomo au kwa mpira wa kulishia. Presha ikishuka kila baada ya dozi, hugawanywa kuwa miligramu 30 kila saa 2, au husimamishwa. Mwenye ini bovu huanza na 30 kila saa 4.

Kosa linaloua: maji ya ndani ya kapsuli kufyonzwa kwa sindano ili yapite kwenye mpira, halafu sindano hiyo ikachomwa kwenye dripu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo zito kuhusu jambo hili mwaka 2006 baada ya vifo. Sindano iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni ya mpira wa tumboni, na iwe ya aina isiyoingia kwenye kanula.

Dawa nyingine hugongana nayo, na kwetu zinazogongana ni za kila siku. Fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini za degedege, pamoja na rifampisini ya kifua kikuu, huimaliza nimodipini mwilini hadi ibaki ya jina tu. Dawa za VVU zenye ritonavir, na dawa kama klarithromisini, hufanya kinyume: huilundika mpaka presha inaporomoka. Juisi ya balungi nayo huilundika. Kwa hiyo mwambie daktari kila dawa anayotumia mgonjwa nyumbani, hata ile ambayo familia haipendi kuitaja mbele ya watu. Omba kusema naye faragha.

13. Presha yake ni 160 na daktari haishushi. Hamwoni hatari?

Kwa mtu mwenye mishipa iliyobana, presha ndiyo inayosukuma damu ipite penye wembamba. Mpira wa kumwagilia bustani ukikanyagwa, maji hufika ng'ambo kama bomba lina nguvu. Ukifunga bomba nusu, mche wa mwisho unakauka.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua wastani wa presha ya mwili, toa shinikizo lililo ndani ya fuvu. Kinachobaki ndicho kinachosukuma damu ubongoni. Mgonjwa mwenye presha ya 100/60 ana wastani wa 73 hivi. Kama ndani ya fuvu kuna 25, inabaki 48. Mwongozo wa Brain Trauma Foundation, taasisi ya Marekani ya majeraha ya ubongo, wa mwaka 2016 unataka ibaki kati ya 60 na 70, na shinikizo la fuvu litibiwe likizidi 22. Kwa hiyo 100/60, ambayo wodini ingeitwa nzuri, kwa huyu ni njaa ya ubongo. Mwongozo huo pia unataka presha ya juu isishuke chini ya 110 kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 49 na wale wanaozidi 70, na isishuke chini ya 100 kwa walio kati ya 50 na 69.

Dalili za kubana zikijitokeza na CT haina bonge jipya, timu inaweza kuipandisha presha zaidi kwa noradrenalini, hatua kwa hatua, ikiangalia kama mkono uliolegea unaanza kusogea. Ukisogea, presha hiyo hushikiliwa. Usiposogea, hakuna sababu ya kuendelea kuipandisha, kwa kuwa presha kubwa mno kwenye ubongo uliojeruhiwa huongeza uvimbe, huweza kukuza michubuko inayovuja damu, na huumiza mapafu na moyo. Hapa ndipo majeruhi anapotofautiana na yule wa kipuvu kilichopasuka: ubongo wake wote umeumia, hivyo nafasi ya kuchezea presha ni ndogo.

14. Si aongezewe maji mengi basi?

Zamani ilikuwa hivyo. Mgonjwa alijazwa maji, damu ikafanywa nyepesi, presha ikapandishwa, vyote kwa pamoja. Mtindo huo umeachwa, maana maji ya ziada yalikwenda kwenye mapafu badala ya ubongo. Lengo la sasa ni mwili usipungukiwe wala usizidishiwe, na njia ya kulifikia ni kuandika kila kinachoingia na kila kinachotoka.

Maji yanayofaa ni ya chumvi ya kawaida, asilimia 0.9. Dripu ya glukosi asilimia 5 isitumike kama maji ya kumjaza, kwa sababu sukari ikishatumika hubaki maji matupu yanayokwenda kuuvimbisha ubongo. Albumini, maji ya dripu yenye protini ya damu, nayo iachwe: uchambuzi wa mwaka 2007 wa jaribio la SAFE ulionyesha vifo vya majeruhi wa kichwa kufikia asilimia 33 baada ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 20 kwa waliopewa maji ya chumvi.

Manitoli inayotolewa kupunguza uvimbe huvuta mkojo mwingi. Mkojo huo usiporudishwa kwa maji ya chumvi, saa chache baadaye utakuwa umepunguza uvimbe na kukausha mishipa iliyobana. Nimeona hilo mara nyingi kuliko nilivyoona nimodipini ikikosekana.

15. Sodiamu yake inashuka na mwingine anasema anyimwe maji. Ni sawa?

Si sawa kwa mgonjwa huyu. Sodiamu hushuka kwa njia mbili zinazofanana kwenye karatasi ya maabara: mwili kung'ang'ania maji, au figo kumwaga chumvi pamoja na maji. Wa kwanza kwa kawaida hunyimwa maji. Wa pili amekauka tayari. Ukimnyima unamsukuma kwenye kiharusi. Kutofautisha si rahisi, hivyo kwenye dirisha la siku za hatari tunaepuka kumnyima maji yeyote. Hupewa chumvi: vidonge, au maji ya asilimia 3 kwa uangalifu, na fludrokotisoni kama anaendelea kumwaga chumvi. Sodiamu ipandishwe taratibu, ipimwe mara kwa mara.

16. Mashine ya kupumulia ina uhusiano gani na mishipa?

Mkubwa. Kaboni dioksidi kwenye damu ndiyo inayoamuru upana wa mishipa ya ubongo. Mashine ikimpumulisha mgonjwa haraka mno, kaboni dioksidi hushuka na mishipa hujibana zaidi. Kumpumulisha haraka hutumika kwa dakika chache tu mgonjwa anapokaribia kufa kwa uvimbe. Nje ya hapo kaboni dioksidi ibaki kati ya 35 na 45, oksijeni isishuke, homa ishushwe, na sukari isipande sana wala kushuka.

17. Tumesikia kuna kupitisha waya mpaka kichwani. Ni kwa nani?

Ni kwa mwenye dalili, ambaye presha na maji vimerekebishwa na bado anadhoofika, kabla sehemu ya ubongo haijafa. Kupitia katheta, daktari anaweza kudondosha dawa ya kulegeza moja kwa moja kwenye mshipa, kama verapamili, nikadipini au milrinoni, au kupanua mshipa kwa puto dogo.

Dawa hufika hata kwenye mishipa ya mbali, ila nguvu yake huisha baada ya saa kadhaa na mara nyingi hurudiwa. Pia hushusha presha ya mwili na huweza kupandisha shinikizo la fuvu. Puto hudumu zaidi, lakini hufaa mishipa mikubwa ya mwanzoni tu, na likikosewa mshipa hupasuka. Ushahidi wa njia zote mbili kwa majeruhi wa ajali ni wa makundi madogo ya wagonjwa.

18. Vipi magnesiamu, dawa za lehemu, steroidi?

Magnesiamu haikusaidia majeruhi wa kichwa kwenye jaribio la mwaka 2007. Dawa ya lehemu, simvastatini, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kipuvu kilichopasuka na mwaka 2014 ikaonekana haina faida. Klazosentani, inayoizuia endothelini, iliidhinishwa Japani mwaka 2022 kwa wagonjwa wa kipuvu tu.

Steroidi ni mbaya zaidi ya kutofaa. Jaribio la CRASH la mwaka 2004, lenye majeruhi 10,008, lilionyesha vifo vya asilimia 21 ndani ya wiki mbili kwa waliopewa, dhidi ya asilimia 18. Bado nakutana na deksamethasoni, mojawapo ya steroidi, kwenye karatasi za rufaa za majeruhi wa kichwa.

## Vifaa, rufaa na familia

19. Hospitali yetu haina Doppler wala angiografia. Tunaweza nini?

Sehemu kubwa ya yaliyoelezwa kwenye swali la 13 hadi la 16. Kipimo cha presha kila saa, karatasi ya maji yanayoingia na kutoka, sodiamu kila siku kwa wiki mbili za kwanza, paracetamol kwa homa, oksijeni, kichwa cha kitanda kimeinuliwa nyuzi 30, na nesi anayeandika kiwango cha fahamu. Asiye na kipimo cha shinikizo la fuvu achukulie kwamba liko juu na aitunze presha ya mwili kwa ukarimu.

20. Apewe rufaa lini, na mambo ya polisi na malipo?

Rufaa ni kwa anayeendelea kudhoofika bila sababu inayorekebishika palepale, au anayehitaji upasuaji. Nchini Tanzania Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiyo kituo kikuu cha upasuaji wa ubongo. Hospitali za kanda kama Bugando na KCMC nazo hupokea. Kenya wengi huishia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Safari yenyewe ni hatari: presha ikishuka njiani kwa saa tatu, angiografia ya huko aendako haitarudisha kilichokufa. Mgonjwa aondoke akiwa na dripu inayotembea, oksijeni, na muuguzi anayepima presha ndani ya gari.

PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ifuatiliwe na ndugu mmoja wakati matibabu yanaendelea. Dharura haisubiri fomu. Kenya, ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

21. Tunaweza kumpitishia uji wetu, juisi au dawa za mitishamba kwenye mpira?

Uji na maziwa, muulize mtaalamu wa lishe wa wodi, mara nyingi atakubali kwa kipimo. Mitishamba, hapana: baadhi huharisha, nyingine hushusha presha, na mgonjwa huyu hana akiba ya kuhimili lolote kati ya hayo. Kama ameshapewa, sema. Hakuna atakayekufukuza, na daktari hatapoteza muda akitafuta sababu ambayo wewe unaijua. Balungi tumeshalitaja swali la 12.

## Hali za pekee

22. Kwa nini majeruhi wa milipuko hutajwa peke yao?

Kwa sababu kwao mishipa hubana mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Madaktari wa jeshi la Marekani waliochapisha mwaka 2006 habari za askari waliojeruhiwa vitani Iraq waliikuta kwa karibu nusu ya waliofanyiwa angiografia, na kwa baadhi iliendelea karibu mwezi. Wimbi la mlipuko huuathiri mshipa wenyewe. Aliyelipukiwa na bomu, mtungi wa gesi au baruti ya machimboni afuatiliwe kwa muda mrefu kuliko aliyeanguka bodaboda.

23. Inawezekana damu ilivuja kwanza, ndipo akaanguka?

Ndiyo, na swali hili hubadilisha kila kitu. Dereva aliyeacha njia mchana kweupe bila kugongwa, au mama aliyeshika kichwa akilia kwa maumivu kisha akadondoka, huenda kipuvu kilipasuka kabla ya kuanguka. Damu yao hukaa zaidi katikati, chini ya ubongo, wakati damu ya kipigo hukaa zaidi juu, kwenye mikunjo iliyo karibu na palipogonga. Wapimwe mishipa kwa CT ya rangi, kwa sababu kipuvu kisipozibwa hupasuka tena, na kwao nimodipini si ya hiari tena. Shahidi aliyeona tukio ana thamani. Mlete hospitali au mpe daktari namba yake.

24. Watoto?

Mishipa yao hubana pia, na mara nyingi hugundulika kwa kuchelewa kwa sababu mtoto mdogo hasemi kwamba mkono umekufa ganzi. Viwango vya presha na kasi ya Doppler hutegemea umri, kwa hiyo namba za juu huko zisitumike kwao. Nimodipini haijathibitishwa kwa watoto walioumia kichwa. Kulinda maji, sodiamu na presha ni kulekule.

25. Alikuwa na ugonjwa wa presha na alikuwa akinywa dawa kila siku. Aendelee?

Kwa kawaida husimamishwa kwa siku za hatari, halafu hurudishwa moja moja. Isipokuwa zile ambazo kuziacha ghafla huleta madhara, mfano dawa za kundi la atenololi. Hapo daktari huamua. Familia isimpe kidonge chake cha nyumbani kwa siri kwa sababu imeona 160 kwenye skrini (swali la 13).

26. Ameondolewa kipande cha fuvu. Bado mishipa inaweza kubana?

Bado. Upasuaji huo hupunguza shinikizo, hivyo damu hupita kwa urahisi zaidi, lakini haugusi misuli ya mshipa.

27. Akirudi nyumbani inaweza kurudi?

Ikishapita wiki ya tatu au ya nne, kwa kawaida hairudi. Kinachobaki ni matokeo yake: mkono dhaifu, usahaulifu, hasira za haraka, na hayo ni kazi ya mazoezi ya viungo na uvumilivu wa miezi, si ya dawa za mishipa. Lakini kama baada ya wiki kadhaa kichwa kinaanza kuuma upya, anasinzia mchana au anayumba akitembea, usidhani ni mishipa imebana tena. Kwa wakati huo kinachotafutwa ni damu iliyojikusanya polepole chini ya utando wa ubongo, na CT ya kawaida huionyesha. Mrudishe siku hiyohiyo.